Kazija na Kisu cha Kukunja

— Ngano, ngano!
— Iteremke!
— Iteremke na nini?
— Na kicheko na kilio!
— Mkichoka?
— Hatuchoki!
— Mkisinzia?
— Tumwagie maji!

Haya basi, sogeeni. Wewe mwenye mtoto mgongoni, mteremshe, maana ngano hii ina kelele. Na kabla sijaanza, nipeni ahadi moja. Nikisema kisu kimefunguka, nyinyi mseme tak! Nikisema kisu kimejikunja, mseme tena tak! Tujaribu. Kimefunguka?

— Tak!

Kimejikunja?

— Tak!

Ala! Nyinyi ndio watu. Twendeni.

Hapo kale, kale ambayo mito yenyewe ilikuwa bado inabishana ipite wapi, palikuwa na mji ukiitwa Tovuni. Katika mji huo alikaa mama mmoja, jina lake Bi Mashavu, na wanawe watatu. Wa kwanza Machano, mwanamume mrefu, mpenda kupendeza. Akipita penye dimbwi la maji, lazima ainame ajitazame. Wa pili Faki, mpenda vitu. Mifuko yake imejaa misumari, kamba, vifungo, na hajui vya nini. Wa mwisho Kazija, msichana wa maneno machache na macho mengi. Kazi yao wote ilikuwa moja: kukata ukindu, kuuanika, na kusuka mikeka.

Sasa, katika mji huo palikuwa na mhunzi, Fundi Makame. Mhunzi huyo alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo wa kasuku. Mvua ilipokuja, paa la kiwanda chake likavuja, moto wake ukazimika, akabaki anapiga chuma baridi. Akawaita Machano na nduguze.

"Niezekeeni paa," akasema, "na kila mmoja wenu nitampa kisu. Si kisu hicho mnachofunga kwa kitambaa kiunoni kikawachoma mapaja. Kisu cha kukunja! Kinajificha ndani ya mpini wake kama kobe. Unakitia mfukoni asubuhi, unatembea nacho kutwa, na hukumbuki kwamba unacho mpaka siku utakapokihitaji."

Lo! Ndugu hao walivyoezeka! Waliezeka kama watu wanaofukuzwa. Makuti yaliruka, fito zikapaa, na walipomaliza walishuka kwa kuruka, hakuna aliyeitafuta ngazi.

"Visu, fundi!" akasema Machano.

"Visu, fundi!" akasema Faki.

Kazija naye, moyo wake ulikuwa unapiga kama nyundo ya Fundi Makame mwenyewe.

Fundi akatandika jamvi. Akamwaga visu. Jamani, mngeviona! Virefu, vifupi, vya mpini wa pembe, vya mpini wa shaba, vyenye minyororo, vyenye vishaufu vya kuning'inia. Jua likaingia mlangoni, likavipiga, kiwanda kizima kikawaka.

Machano akakiona chake hapo hapo. Mpini wa shaba tupu, umechorwa maua na majani, na shanga nyekundu zimepangwa mgongoni. Akakishika, akakiinua, akajitazama ndani yake. Kilimwonyesha uso kuliko dimbwi.

"Hiki," akasema.

"Kijana una jicho!" fundi akapiga kofi. "Kaza vidole uvute. Kwa mikono miwili, kwa mikono miwili! Bado kigumu kidogo, kitalainika." Machano akakunja uso, akavuta, kikafunguka kwa shida kama mlango wa zamani. Hapo msiseme tak. Hicho kilisema kwiii!

Faki naye akainama, akaokota donge la chuma nene kama ngumi.

"Hicho kina kila kitu," fundi akasema, na macho yakamng'aa. "Kisu kikubwa, kisu kidogo, msumeno, kijiko, kichokonoo cha meno, kitana, na hiki hapa sikumbuki niliweka cha nini, lakini utakipatia kazi." Faki akakitia mfukoni. Suruali ikashuka upande mmoja. Akatembea: cheke-cheke, cheke-cheke. Akacheka kwa furaha.

Akabaki Kazija.

Kazija akachuchumaa mbele ya jamvi. Hakugusa kwanza. Alitazama tu, mpaka macho yake yakafika pembeni kabisa, karibu na miguu ya fundi. Hapo palikuwa na kisu kimoja chembamba. Mpini wake wa mpingo, mweusi, laini, umepinda kidogo tu kama nyusi ya mtu anayetaka kutabasamu. Hakuna ua. Hakuna shanga. Msumari mmoja wa fedha mahali pa kukunjia, basi.

Akakichukua. Kikalala kiganjani mwake kana kwamba kiganja kile kilipimwa kwanza.

"Aa, hicho," fundi akasema, "hicho usihangaike nacho. Nilikifua mvua ikininyeshea, sikuwa na shaba. Njoo nikuonyeshe hiki cha mnyororo, mwanangu, kinamfaa msichana."

"Ngoja kwanza, fundi," Kazija akasema.

Akasimama. Akakichomeka kwenye pindo la kanga kiunoni, akatembea huku na huku. Hakikugonga. Akaruka. Hakikulia. Akachuchumaa, akainuka. Hakikuchoma. Akakitoa kwa mkono mmoja, akakuta kwenye bapa pametobolewa kitundu kidogo, kinatosha ncha ya dole gumba. Akasukuma. Kikafunguka!

— Tak!

Akajaribu kukitikisa. Hakikutikisika. Akakigandamiza kuona kama kitamrudia vidoleni. Kilikuwa kimekaza, kimesimama kama askari. Akachukua uzi wa ukindu, akaupitisha kwenye makali bila kuuvuta. Ukakatika wenyewe. Akabonyeza nyuma ya mpini. Kikajikunja!

— Tak!

Akafungua tena. Tak! Akakunja. Tak! Uso wake ukachanua, akacheka peke yake kama mtu aliyenong'onezwa jambo zuri.

"Nimechagua," akasema.

Machano akaangua kicheko. "Kazija! Vyote hivi, unachukua kijiti?"

"Kina bapa moja tu!" Faki akalalamika kwa niaba yake. "Ukitaka kuchana nywele je? Ukitaka kunywa uji?"

"Nikitaka kunywa uji nitachukua kijiko," Kazija akasema. "Nataka kisu. Na nataka kisu kizuri. Kitazameni basi! Hamwoni kilivyo kizuri?"

Hawakuona. Wakaondoka wanacheka, cheke-cheke, cheke-cheke, na Kazija nyuma yao mkono kiunoni, anafungua na kukunja mpaka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, nani angekaa nyumbani? Mtu ana kisu kipya! Hata uji hawakumaliza. Bi Mashavu akapiga kelele mlangoni, "Msiende mbali!" na wao wakajibu kutoka mbali. Walikata ukindu wa karibu, ukaisha. Wakakata wa pale mbele, ukaisha. Kila mmoja anatafuta cha kukata, wakavuka kilima, wakateremka upande wa pili, mpaka mteremkoni juu ya mto, mahali penye mikindu minene ambayo haijaguswa.

Mngejiuliza, mbona haijaguswa? Wao hawakujiuliza.

Watu wa Tovuni walijua kwamba Zimwi anakaa huko milimani, mbali kabisa. Kitu wasichojua ni kwamba Zimwi amehama.

Machano akainama juu ya mkindu. Kisu cha shaba kikapigwa na jua, kikamulika bonde lote kama kioo. Na kule bondeni jicho moja likafumbuka. Faki akatembea, cheke-cheke, cheke-cheke. Sikio moja likasimama. Kisha ardhi ikasema ndi! Ndi! Ndi!

"Radi?" akauliza Faki.

Haikuwa radi. Zimwi alisimama juu yao, tumbo kama pipa, meno kama vigae, na kidole gumba cha mguu kama kiazi kikuu. Kabla hata hawajapiga yowe alikuwa amewakumbatia wote watatu kwa mkono mmoja, kama mtu anayebeba kuni.

Akawapeleka uwanjani kwake, juu ya mteremko ule ule wa mto. Pale palikuwa na chungu kikubwa juu ya mafiga, na karibu yake magogo matatu ya kuni, makubwa, yamelala ukingoni.

"Leteni mlivyo navyo," Zimwi akanguruma. "Sipendi kutafuna vyuma."

Akamkagua Machano. "Ohoo! Kinang'aa!" Akakichukua kisu cha shaba, akakivisha uzi, akakining'iniza shingoni mwake. Machano akatoa machozi, na sijui alikuwa analilia maisha yake au kisu chake.

Akamkagua Faki, lakini mifuko ya Faki, si mnaijua? Misumari, vifungo, kamba. Zimwi akachoka kuchambua. "Wewe nitakukung'uta nikikupika," akasema.

Akafika kwa Kazija. Msidhani alikuwa jasiri. Aliogopa kama sisi sote tungeogopa. Lakini kisu chake alikuwa tayari amekitoa kiunoni, kimekunjwa, na anakipitisha kwenye nywele zake taratibu.

"Nini hicho?"

"Kijiti changu cha kugawia nywele, bwana mkubwa."

Zimwi akakitwaa kwa ncha za vidole. Akakitazama juu. Akakitazama chini. Hakuna ua, hakuna shanga, hakuna kinachong'aa. Mpingo mweusi, umepinda kidogo. Akakitikisa sikioni. Kimya. Kazija alizuia pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Suka nywele, suka," Zimwi akasema na kumtupia. "Napenda chakula kilichopendeza."

Jamani! Mnapumua? Mimi nikifika hapa huwa sipumui.

Kisha Zimwi akawafunga. Kila mmoja alimfunga kamba yake nene ya katani, akamzungushia mwili na mkono mmoja. Mkono wa pili akauacha huru. Mnajua kwa nini? Ili wapepee moto! Watu wajipepelee moto wa kupikwa wenyewe! Na ncha za kamba zote tatu akazileta kwake, akazikaza, akazifunga kwenye kile kidole gumba chake.

"Mimi nalala mpaka maji yachemke," akasema. "Kamba ikilegea, naamka. Nikiamka kabla ya maji kuchemka, nakula mbichi."

Jua la adhuhuri likawa kali. Zimwi akajinyoosha pale kivulini, akaanza kukoroma, na kila akikoroma majani ya mikindu yanainama.

"Faki," Machano akanong'ona, "visu vyako!"

Faki akaingiza mkono mmoja mfukoni, akalitoa lile donge. Akalishika kwa meno, akavuta. Kikatoka kijiko. Akavuta tena. Kikatoka kitana. Akavuta tena, na jasho linamtiririka. Kikatoka kile kitu ambacho fundi mwenyewe hakukumbuka ni cha nini. Donge likamponyoka, likaanguka juu ya jiwe: chekecheke-cheke!

Zimwi akafumbua jicho moja, usingizi haujamtoka. Akanyoosha mkono, akaliokota donge, akalirusha nyuma ya mgongo wake mpaka mtoni. Chubwi! Akageuka upande, akalala.

"Tumekwisha," Faki akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaka," Kazija akanong'ona, "pepeeni moto polepole. Na msinitazame mimi."

Akainua mkono wake ulio huru. Akatoa kisu nywelini. Mkono mmoja tu, kumbukeni, mkono mmoja! Dole gumba likatafuta kitundu. Likakikuta. Sasa jamani, semeni polepole, Zimwi kalala. Kisu kikafunguka…

— Tak…

Kwa vidole vya mkono uliofungwa Kazija akaishika kamba barabara, isilegee. Kwa mkono wa pili akakata nyuma ya vidole hivyo. Uzi wa kwanza, uzi wa pili, uzi wa tatu. Kamba ikaachia mwili wake, lakini ncha ya Zimwi bado iko mkononi, imekaza. Akasogea nayo hatua kwa hatua hadi kwenye gogo la kwanza, akaifunga pale.

Kamba ikatikisika kidogo.

"Nani anajitikisa?" Zimwi akauliza usingizini.

"Inzi, bwana mkubwa."

Akaenda kwa Faki. Akakata. Akashika. Akasogea. Akafunga kwenye gogo la pili.

"Nani anajitikisa?"

"Upepo, bwana mkubwa."

Akaenda kwa Machano. Akakata. Akashika. Akasogea. Akafunga kwenye gogo la tatu.

"Nani anajitikisa?"

"Maji, bwana mkubwa. Yanakaribia kuchemka."

Zimwi akalamba midomo akiwa bado usingizini. Kazija akakunja kisu ndani ya kanga, ile sauti yake ikamezwa na kitambaa. Akawaashiria kaka zake: twendeni! Wakaanza kunyata. Hatua. Hatua. Hatua nyingine.

Lakini Machano akageuka nyuma.

Mnajua alichokitazama? Kisu cha shaba! Kimelala kifuani pa Zimwi, kinapanda na kushuka na pumzi zake, kinamtolea macho. Kazija akamshika shati. Shati likachanika. Machano akarudi, akainama, akanyoosha vidole, akagusa ule uzi…

Macho mawili yakafumbuka.

"MBICHI!" Zimwi akanguruma, akaruka juu.

Akaruka kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote zikavuta magogo yote. Kidole gumba kikabaki nyuma, Zimwi akatangulia mbele, puu! kifudifudi. Machano akapita chini ya mkono wake kama panya. Na magogo yale matatu, yaliyokuwa yamelala ukingoni, sasa yamevutwa, yamenyanyuka, yamegeuka. Gogo la kwanza likaanza kubiringika. La pili likalifuata. La tatu likaruka juu ya yote mawili. Bingiri-bingiri-bingiri mteremkoni, na Zimwi nyuma yake, anaburutwa kwa kidole gumba, anashika nyasi zinang'oka, anashika mkindu unang'oka, anashika jiwe wanakwenda wote!

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Na ya nne, CHUBWIII!

Ndugu wale wakakimbia mpaka ukingoni. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, una haraka. Magogo yanakwenda na maji, na Zimwi anakwenda na magogo, kichwa juu, kichwa chini.

"Nikateni kamba!" akalia. "Nani ana kisu? Nikateni kamba!"

"Si unacho kimoja shingoni!" Kazija akapaza sauti, na sauti yake ilipasuka nusu kwa hofu na nusu kwa kicheko. "Kifungue!"

Zimwi akakishika kisu cha shaba. Akakivuta kwa vidole vyake vinene: kwiii, kikakataa. Akakivuta tena: kwiii, kikakataa. Akakitia mdomoni, akang'ata maua na shanga zake: ka! Jino likavunjika, kisu hakijafunguka. Mto ukamzungusha, ukampeleka penye kona, na sauti yake ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikawa kama ya chura. Hakuonekana tena upande wetu huu.

Machano alikaa chini kwenye majani, akaficha uso. "Ningewaua," akasema. "Kwa ajili ya shanga."

Faki akamshika bega. Kazija alimnyooshea mkono akamwinua, na hawakuachana mikono mpaka walipoiona Tovuni.

Mji ulipopata habari, mnadhani watu walilala? Vifijo, vigelegele, ngoma! Kila mtu anataka kusimuliwa upya, na kila anaposimuliwa, Zimwi anaongezeka urefu. Fundi Makame alipita nyumba hadi nyumba akisema, "Kile cha mpingo nilimchagulia mwenyewe! Nilimwambia, mwanangu, chukua hiki!" Nanyi mlikuwepo, mnajua alichosema.

Bi Mashavu peke yake hakucheza ngoma. Alimkalisha Kazija uani kwenye kigoda, akapasha maji, akamkanda mikono pale kamba ilipomkata. Alipomaliza, akafuta macho kwa kanga, akasema:

"Hebu nikione."

Kazija akampa. Mama akakipima kiganjani. Akapapasa mpingo. Akakigeuza, akatazama msumari wa fedha. Dole gumba lake likatafuta kitundu, bila kuambiwa. Kikafunguka!

— Tak!

Kikajikunja!

— Tak!

Akafungua tena. Akakunja tena. Na uso wake uliokuwa umekauka tangu adhuhuri ukaanza kuchanua, kidogo kidogo, mpaka akacheka hadi mabega yakatikisika. Kisha Bi Mashavu akasimama, akakichomeka kisu kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, akakigonga-gonga juu kuhakikisha kimekaa, akaelekea jikoni.

"Mama!" Kazija akaita. "Mama, hicho changu!"

"Mwambie fundi akufulie kingine," mama akajibu bila kugeuka. "Mimi na hiki tumeshazoeana."

Kesho yake, umande haujakauka, Kazija alikuwa anakimbia kwenda kwa Fundi Makame, kanga mkononi. Akapinda kona ya kiwanda, akasimama ghafla. Mlango ulikuwa umefungwa, fundi hajaamka, na mji mzima wa Tovuni ulikuwa umeshapanga foleni.

— Ngano yangu nimeivua!
— Tumeivaa!
— Ikiwabana?
— Tutailegeza!
— Ikiwapwaya?
— Tutaipunguza!
— Basi nendeni nayo, mimi nipisheni nikanywe maji.